Mlango wa Nyuma wa Kulia

Mikumi, Ijumaa, saa kumi alasiri

Tumaini binti yangu,

Mambo ya chandarua, ya kuficha simu unaposinzia kwenye treni na ya kutoazimana nguo na wenzako bwenini, mama yako ameshakuambia, na ninavyomfahamu atayarudia kesho mpaka begi liwe mgongoni. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa kwenye benchi la gereji. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako amekuja na daftari na kalamu, akasema, "Kama mdomo umekushinda, andika. Lakini mtoto asiondoke bila kujua." Kisha akarudi zake jikoni. Huyo ndiye mama yako.

Utaona herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ni haya macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho na nisubiri zamu yangu, basi nasubiri. Ndiyo maana kesho dereva ni wewe.

Jambo lenyewe nalisema sasa hivi, usije ukasoma kurasa zote hizi ukidhani nakuja na habari njema. Ile Pijo si yako. Nilikuambia ni yako, tena mbele ya mama yako, siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza ukaruka mpaka ukakanyaga kopo la rangi. Sikupaswa kusema vile. Kesho gari linabaki Kilosa, kwa shangazi yako Eliza, na wewe unapanda treni kwenda chuoni Dodoma bila gari. Haya, umeshajua. Ukitaka kuichana barua, ichane. Ukiweza kuvumilia, soma sababu.

Mjomba wangu Yona hukumkuta. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni huko milimani, mtu mrefu, mkavu, asiyependa kelele, na alikuwa na hiyo Pijo ya milango minne, rangi ya chai ya maziwa. Wengine waliokuwa na Pijo walikuwa na pikapu. Hata padri alikuwa na pikapu. Watu walimcheka Mjomba chinichini kwamba amenunua gari la kubebea makalio, maana halikubeba mahindi, halikubeba mbuzi, na barabara ya kule juu ilikuwa inalikwaruza tumbo kila mvua ikinyesha. Lakini mama mjamzito akizidiwa, pikapu zote zilisahaulika. Aliletwa hospitali ya Kilosa kwenye kiti cha nyuma cha Mjomba, amelala, na mkwewe ameketi pembeni akimshika kichwa. Sijui ni watoto wangapi walizaliwa njiani humo.

Eliza ni binti yake. Kila Jumamosi alilisafisha lile gari, na kila Jumapili Mjomba alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango wa nyuma wa kulia, kama vile binti ni mgeni rasmi. Hata alipokuwa msichana mkubwa anayefundisha shule, alimfungulia. Sisi wapwa tulikuwa tunachungulia na kucheka. Mjomba alikuwa anamwambia, "Siku ya harusi yako utakaa hapahapa, na mimi nitakuendesha mpaka mlangoni mwa kanisa." Alisema hivyo mara nyingi, mbele yetu sote.

Akafa kabla.

Sasa hapa unielewe, maana ninyi wa leo mnaandika wosia. Kwetu Wakaguru, tangu zamani, mtu ni wa ukoo wa mama yake. Watoto wa Mjomba ni wa ukoo wa mke wake. Mpwa, yaani mimi, mtoto wa dada yake, ndiye wa ukoo wake. Siku ya kumaliza matanga wazee wakakaa, na shauri halikuchukua hata nusu saa. Nyumba ibaki kwa mjane. Vitabu viende shule. Gari, apewe Stefano, ni fundi, atajua la kulifanya. Hakuna aliyebisha. Eliza mwenyewe alikuwa ndani na wanawake, akatoka kuleta maji ya kunawa, akasikia, akaendelea kumimina maji.

Nilipokuja kuliondoa alinifuata hadi uani. Mchumba alikuwa ameshapatikana, siku ilikuwa imeshapangwa, miezi mitatu mbele. Akasema, "Binamu, gari ni lako, sigombi. Nikopeshe siku moja tu. Usije ukalichinja spea kabla sijaolewa." Nikamwambia, "We Eliza, mimi nitalichinjaje gari la Mjomba? Nitakuja nalo mwenyewe, nimevaa na tai." Akacheka. Nami nilikuwa nasema kweli, Tumaini. Nataka ujue hilo. Sikuwa nimepanga kudanganya.

Nikalileta hapa Mikumi, nikalipaki nyuma ya gereji, pale penye tanki la maji leo. Unajua kazi yetu ilivyo kando ya barabara kuu. Mtu anakwama hapa na mzigo, nyuma ni mbuga, mbele ni milima, fundi ndiye Mungu wake kwa siku hiyo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kilosa tuliyemwita Bwana Nyanya. Alikuwa na pikapu ya Pijo, anatoa nyanya Iringa. Wiki tatu kabla ya harusi alivutwa na lori mpaka mlangoni kwangu, injini imenoki, nyanya zimejaa hadi juu, jua kali. Alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Mafundi wenzangu wakaanza kuitazama ile ya Mjomba. Mmoja akasema, "Lile pale si lina spea nzuri?"

Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote na nimeyasema mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Gari huwa bado zima pale linaposemwa hivyo. Linawaka, linafunga breki, lina vioo vyote. Ila mtu ameshaacha kuliona gari, anaona injini, anaona giaboksi, anaona vitasa. Hasa likiwa la milango minne. Pikapu mtu ataililia, ile ndefu ya stesheni wagoni ataililia, maana inabeba watu kumi. Hili dogo la milango minne anasema, hili la nini? Likatwe liwasaidie wenzake.

Basi nikalikata. Nilijiambia natoa injini tu, naikopesha, nitapata nyingine Morogoro ndani ya wiki mbili. Bwana Nyanya aliondoka jioni ile ananibariki mimi na watoto wangu wajao. Injini nyingine sikuipata. Nilipiga simu, nikatuma watu, hapana. Siku nne kabla ya harusi nikampelekea Eliza ujumbe kwamba gari limeleta shida kidogo. Nakumbuka neno hilo, kidogo.

Wakatafuta usafiri mwingine. Kilosa ya wakati ule magari ya harusi hayakuwa mengi. Waliyempata ni Bwana Nyanya. Pikapu ikaoshwa, ikafungwa maua na kanga, bibi harusi akakaa mbele na mama yake, sisi ndugu tukapanda nyuma na ngoma. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kichwa cha pikapu, karibu na kile kioo kidogo. Nilikuwa nimevaa tai.

Bwana Nyanya akawasha. Tulipofika penye kona ya sokoni nikamsikia Eliza anasema, "Baba, samahani, zima kidogo." Mzee akashangaa, akazima. Ngoma ikanyamaza. Eliza akasema, "Washa tena." Akawasha. Sijui kama umewahi kusikiliza injini ile kwa utulivu, ina kale kamlio kake inapoanza, kama mtu anayesafisha koo mara mbili kabla ya kuongea. Eliza alikuwa ameisikia kila asubuhi tangu akiwa mtoto. Akageuka na shela lake, akanitazama kupitia kile kioo kidogo. Hakukasirika. Alinitazama tu kama anayetaka kuhakikisha ni mimi. Kisha akageuka mbele, tukaendelea na safari.

Kwenye sherehe akanipitia na mumewe, watu wamezunguka, akasema kwa sauti, "Asante sana binamu, nimekwenda kanisani kwa gari la baba. Kasoro gari tu." Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka kuliko wote.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndilo ninalotaka uondoke nalo kichwani. Injini ni jambo lingine. Wewe unajua sisi mabinamu ni watani. Anaweza kunitukana msibani, naweza kumwibia kuku, na hakuna wa kukasirika. Sasa alipolifanya lile jambo kuwa utani, alinipa mlango wa kutokea, na mimi nikatoka mbio. Maana utani ukishasemwa, umekwisha. Nani anamwendea mtani wake kumwomba radhi juu ya utani? Atakucheka. Nilijua atanicheka, na hilo lilinifaa. Zaidi ya miaka ishirini, kila tukikutana ananiuliza, "Gari la baba halijambo?" nami najibu, "Limekusalimia," tunacheka, tunakula, naondoka. Usiku wa harusi ile nililala na aibu, na aibu ile sijaiondoa mpaka leo. Niliicheka tu.

Kilichofuata ni kawaida. Gari likishatolewa injini halina tena mwenyewe. Aliyetaka taa alipewa taa. Kioo cha mbele kikaenda, giaboksi ikaenda, milango ikaenda mmojammoja. Kiti cha nyuma kikaenda Dumila. Likabaki bodi, kuku wakataga humo, na wewe ukazaliwa ukalikuta hivyo, ukachezea humo. Ulipokuwa darasa la sita ulikuja na daftari la kuchora ukaniuliza, "Baba, hii gari ilikuwa na milango mingapi?" Nilikuwa chini ya lori. Nikakujibu, "Minne." Ukasema, "Mbona hakuna hata mmoja?" Nikajifanya sijasikia. Nilikuwa nimesikia.

Ile hamu ya kulirudisha ilianza hapo, ingawa tulichelewa mpaka ulipomaliza shule. Hayo mengine unayajua kwa sababu uliyafanya wewe. Nataka kuyataja mawili tu, maana nayapenda.

La kwanza ni Dumila, tulipoikuta pikapu ya marehemu Bwana Nyanya imezama kwenye majani nyuma ya nyumba ya mwanawe. Mimi nilishika kadi ya gari, wewe ukaingia chini ukamulika kwa tochi ya simu, ukanisomea namba ya injini tarakimu kwa tarakimu. Ulipofika ya mwisho, zote zililingana na za kwenye kadi, nikageuka nikajifuta uso, ukadhani macho yamenisumbua. Macho yalikuwa yanasumbua, ndiyo, lakini si kwa ugonjwa.

La pili ni yule mzee wa Tindiga mwenye kuku. Milango mitatu tulikuwa nayo, umebaki huo wa nyuma wa kulia, na yeye ameufanya mlango wa banda. Kila asubuhi anateremsha kioo, anawamwagia kuku pumba, anapandisha kioo. Ukamwambia, "Shikamoo mzee, tumekuja kuuomba mlango wetu." "Marahaba. Mlango wenu, na kuku wangu nao watalala na nani?" Ukakaa pale siku nzima ukamtengenezea mlango wa mbao na waya. Akaufungua na kuufunga mara tatu, akatikisa kichwa, akasema, "Mzuri, lakini hauna kioo." Ukarudi siku ya pili ukamwekea kidirisha. Siku ile nilikutazama nikaona umeshanipita. Mimi katika umri wako ningemwambia aniondokee, ningenunua mlango wowote wa Pijo yoyote nikaubandika. Wewe ulisema, "Baba, tukiweka mwingine itakuwa siyo yenyewe." Nilikuwa fundi miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Kwa hiyo ilipowaka nikasema ni yako. Nani alistahili zaidi? Ulikuwa umejipaka grisi mpaka masikioni. Nimeona pia ulivyoandika jina lako ndani ya buti, upande wa jeki, kwa rangi nyeupe. Sijalifuta na sitalifuta.

Sasa mwezi uliopita tulikwenda kuzika Kilosa, unakumbuka, wewe ulibaki na mama. Eliza akanifuata, kanga imefungwa kichwani, akaanza kama kawaida yake, "Binamu, nasikia umemfufua marehemu." Nikajibu kwa mzaha. Nikangoja achekeshe tena. Hakuchekesha. Akauliza polepole, "Milango yake yote minne ipo?" Nikasema ipo. Akasema, "Baba alikuwa ananifungulia ule wa nyuma wa kulia." Basi. Akaenda kusaidia kuosha vyombo. Hakuniomba kitu, Tumaini. Mwanamke amestaafu ualimu, ameshazika mume, ana wajukuu, na katika maisha yake yote aliniomba siku moja tu ya gari lile.

Wazee walinipa, ni kweli, na kwa desturi hakuna anayeweza kuninyang'anya. Kwa muda mrefu nilidhani mambo yanaishia hapo: nimepewa, ni changu, nitakata nitakavyo. Lakini mimi nilipewa kwa sababu ni fundi. Walisema nitajua la kulifanya. Sikujua.

Nimeahidi gari moja kwa wanawake wawili. Ahadi ya kwanza niliivunja nikiwa kijana, kwa uzembe. Hii ya pili naivunja nikiwa mzee, kwa makusudi, na inaniuma zaidi, maana wewe ndiye uliyelijenga. Nilifikiria nikuachie wewe uamue. Nikaona hapana, huko ni kukutwisha mzigo wangu halafu nijifanye mwema. Nimeamua mimi. Ukasirike na mimi, usimkasirikie shangazi yako, yeye hajui lolote.

Kuna jambo jingine, na hili nimeliona wakati naandika. Mpango wangu ulikuwa uende peke yako. Umshushie gari, umpe ufunguo, uende zako stesheni, na mimi nibaki hapa nikisingizia macho. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno: "Mwambie baba anakusalimia." Nimeandika mpaka hapa nikajiona nakimbia tena, safari hii nikimtumia mwanangu. Kwa hiyo nitakuja. Nitamwambia Eliza kwamba nilikosa, kwa maneno makavu, bila utani. Akianza kunichekesha nitamwacha amalize, halafu nitasema tena.

Wewe nakuomba mambo mawili tu. Tukifika mbele ya nyumba yake, usipige hodi. Zima injini, kisha washa tena. Atatoka mwenyewe. Halafu nitashuka nimfungulie ule mlango, na utuzungushe mpaka kanisani na kurudi, polepole, treni yako ni ya mchana, muda upo. Kadi ya gari iko ndani ya bahasha hii. Bado ina jina la baba yake Eliza. Sikuwahi kulibadilisha, sijui kwa nini.

Huko Dodoma utafundishwa kuchomelea vizuri kuliko mimi, na nina furaha. Watakuletea magari ya watu na kusema yana spea nzuri. Mengine ni kweli yamekwisha, yakate, hiyo ni kazi. Ila kabla hujashika spana, uliza lilikuwa la nani, na kama yuko mtu anayelisubiri. Mimi nilikuwa namjua anayelisubiri, na bado nilishika spana.

Barua hii nitaiweka kwenye kiti cha dereva asubuhi, kabla hujapakia begi. Kama utaona huwezi, nenda kituoni upande basi la Morogoro, treni utaipandia huko. Mama yako atakusindikiza, na mimi sitakununia. Gari litafika Kilosa kwa njia nyingine, hilo lisikutishe.

Ukiweza, piga honi. Nitakuwa sebuleni, nimeshavaa viatu, na tai. Nitakaa mbele na wewe. Kiti cha nyuma tutakiacha wazi mpaka Kilosa.

Baba yako,
Stefano